Talaka ya Mtungi wa Gesi

Sehemu ya Sita

"Jelle, nijibu. Mimi ni mkeo au si mkeo?"

Hapo ndipo tulipomwacha Jelle wiki iliyopita, kakumbatia mtungi wa kilo kumi na tatu, na mkewe Deeqa kasimama mlangoni mwa duka na karatasi mbili mkononi. Walionikuta leo nitawaeleza kwa ufupi, maana Jelle hana muda wa kupoteza na mimi pia sina.

Bajeti iliondoa VAT kwenye gesi ya kupikia. Mwenye depo kule Nairobi akashusha bei yake mara moja, shilingi mia mbili na ushei kwa kila mtungi. Jelle hakushusha hata ndururu. Kwa miezi miwili aliuza kwa elfu tatu na mia mbili, bei ile ile ya zamani, na watu wa Garissa wakanunua, mpaka Jumamosi asubuhi Amino, yule mama anayepika anjera, ile mikate myembamba ya Kisomali, mtaa wa Bula Iftin, alipomsimamia mbele ya wateja saba akamwuliza ushuru umekwenda wapi.

Jelle akaona haya. Na badala ya kunyamaza, akaapa. Aliinua kidole juu akasema, "Ikiwa hata shilingi moja ya ushuru huo imeingia mfukoni mwangu, Deeqa ameachika!"

Sasa, wanaume wa Soko Mugdi huapa kwa talaka kama sisi wengine tunavyosema karibu mteja. Mbuzi huyu hana ugonjwa, mke wangu ameachika. Kitambaa hiki kimetoka Dubai, mke wangu ameachika. Wengi wao husema kweli, ndiyo maana wakishaapa watu hunyamaza na kutoa pesa.

Jelle alisema uongo. Na zile karatasi mkononi mwa Deeqa zilikuwa ankara za depo, moja ya Juni, nyingine ya Agosti.

"Tuzungumze nyumbani," Jelle alisema.

"Nyumbani kwa nani?"

Wateja wawili waliokuwa dukani walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine. Walitoka bila kuaga.

"Punguza sauti, Deeqa."

"Sauti uliipandisha wewe asubuhi. Mimi nimeambiwa na muuza maziwa. Muuza maziwa, Jelle! Ananiuliza, wewe unatembea tu mjini na mumeo amekuapia talaka? Nikamjibu kwa maringo. Nikamwambia mume wangu akiapa ni kweli."

Jelle aliupandisha mtungi kifuani.

"Unajua kwa nini nilizitafuta hizi karatasi? Nilitaka nimwonyeshe. Nilitaka nimfunge mdomo yule mwanamke wa maziwa." Deeqa alizinyoosha mbele ya uso wake. "Soma."

Jelle hakusoma. Tarakimu zile alizijua kuliko tarehe za kuzaliwa watoto wake.

"Bei imeshuka au haijashuka?"

"Deeqa, sikiliza..."

"Imeshuka au haijashuka?"

"Imeshuka."

Deeqa alizikunja karatasi mara nne, akaziweka juu ya meza ya duka. Kisha alivuta mtandio wake mbele, akajifunika uso, yakabaki macho tu. Miaka kumi na minne ya ndoa, watoto wanne, na leo alijifunika mbele ya Jelle kama anavyojifunika mbele ya fundi wa mabomba.

"Mpaka Sheikh Nuh aseme neno," alisema, "mimi kwako ni mwanamke wa watu. Usiniite jina. Usiniguse. Mia mbili, Jelle! Ungeniambia una shida ya mia mbili ningekupa."

Akaondoka. Jelle alibaki na mtungi wake kifuani, na nadhani alikuwa amesahau kwamba ni mzito.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi ya dukani. Deeqa alihamishia godoro lake chumba cha watoto wa kike. Chakula cha Jelle kiliwekwa mlangoni kwenye sinia, wali na nyama ya mbuzi, na mtu aliyekiweka alikuwa ameshaondoka kabla Jelle hajafungua mlango. Alikula peke yake, akisikia watoto wanacheka na mama yao upande wa pili wa ukuta.

Binti yake wa pili, mwenye miaka minane na mdomo wa wakili, alimfuata uani kuuliza habari za mama yake.

"Aabo, kwa nini hooyo anavaa hijabu jikoni? Kuna mgeni?"

Jelle, baba mtu mzima mwenye duka, alimgeuzia mgongo. Alijifanya anatafuta ufunguo.

Jumapili asubuhi alikwenda kwa Zakariye, mtoto wa kaka yake, anayewajazia wafanyabiashara fomu za ushuru katika ofisi moja ya ghorofani karibu na stendi. Zakariye amesoma Nairobi, na Nairobi haijamtoka mdomoni.

"Adeer! Vipi, ami yangu, mbona uso umekunjana hivyo?"

"Swali moja tu. Serikali ikiondoa ushuru, mwenye duka analazimika kushusha bei?"

"Zii."

"Nijibu kama mtu mzima."

"Hapana, adeer. Hakuna sheria inayokulazimisha. Gesi si petroli, haina bei ya serikali. VAT ulikuwa ukiikusanya kwa niaba yao, sasa hukusanyi, basi. Redioni wanahimiza, wanaomba, wanatarajia soko litashusha lenyewe. Lakini kukulazimisha? Bei ni yako. Mkikaa wenye maduka wote mkapatana msishushe, hiyo ni kesi nyingine. Wewe peke yako, hakuna wa kukugusa."

Jelle aliinuka akamkumbatia kijana huyo mpaka kalamu ikaanguka.

"Kwa hiyo sikufanya kosa!"

"Kosa gani? Ungewaambia tu bei ni hii, anayeona ghali aende duka lingine. Wangenuna, na bado wangenunua." Zakariye aliokota kalamu. "Kwani wewe uliwaambiaje?"

Jelle akamweleza. Aliyaeleza maneno yote, na kidole kilichoinuliwa juu, na wateja saba.

Zakariye hakucheka. Aliiweka kalamu mezani taratibu.

"Ulimwapia Deeqa? Kwa jambo ambalo hata hukuwa na haja ya kulidanganyia?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini, adeer, na sheria iko upande wako?"

"Hilo ndilo sijui." Jelle aliketi tena, na safari hii aliketi kama mzee. "Amino aliniuliza mbele ya watu, na moto ukanipanda usoni. Kama halikuwa kosa, Zakariye, mbona niliona haya?"

Kijana akafunga faili la fomu.

"Hilo si swali la ushuru," alisema. "Mpelekee Sheikh Nuh. Na mpelekee leo."

Mnadhani alikwenda? Hakwenda. Alifika mpaka kona ya msikiti, akamwona Sheikh Nuh anatoa viatu kizingitini, akageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mwanamume aliyeweza kuinua kidole mbele ya wateja saba hakuweza kukishusha mbele ya mzee mmoja.

Lakini alipata shauri, na shauri lenyewe halikuwa baya. Alijiambia kwamba kesho Jumatatu atashusha bei kwanza. Atashusha kimyakimya, aandike elfu tatu kwenye ubao wa nje, asieleze lolote kwa mtu yeyote. Halafu atakwenda kwa Sheikh akiwa tayari ameshajirekebisha, na aibu itakuwa imepungua kidogo.

Jumatatu saa mbili asubuhi Jelle alikuwa mbele ya duka na kipande cha chaki mkononi. Alishafuta ile elfu tatu na mia mbili. Alikuwa ameandika tarakimu ya kwanza, ile tatu, aliposikia sauti nyuma yake.

"Walaal Jelle."

Alikuwa Amino, akimwita ndugu. Alibeba sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe, na nyuma yake walikuja watu wanne, na wawili kati yao Jelle aliwatambua. Walikuwepo Jumamosi.

Sasa imefika, Jelle alijiambia. Wamejua.

"Nimekuja kuomba msamaha," Amino alisema.

Jelle alidhani hakusikia vizuri.

"Nilikukosea mbele ya watu, kwa hiyo nimekuja na watu. Nilikuita mla ushuru. Halafu ukamwapia mkeo, na mimi nikaenda nyumbani moyo unanisuta. Mtu ametaja mama wa watoto wake, mimi nataka nini tena? Wallahi tangu siku hiyo sina raha. Hii anjera ni ya kwako na Deeqa. Ina samli."

"Hakuna haja, Amino," Jelle alisema.

"Haja ipo. Mimi nilikuwa na hasira tu. Nilihesabu gesi itashuka, niachane na makaa. Sasa nimerudi kwa makaa, si unaona macho yangu?" Macho yake yalikuwa mekundu, na alikohoa kabla hajaendelea. "Lakini hilo si kosa lako. Kama bei haijashuka, haijashuka. Utafanya nini, wewe masikini?"

"Msamehe, Jelle," mmoja wa wale wanaume alisema.

"Msamehe yaishe," akasema mwingine.

Wote walikuwa wanamtazama. Chaki ilikuwa bado mkononi, ubao nyuma ya mgongo wake una tatu peke yake.

"Nimekusamehe," Jelle alisema.

Nimeandika habari za wezi wa kila aina katika gazeti hili. Wezi wa ngamia, wezi wa kura, hata mwizi wa jeneza. Sijawahi kuandika habari za mtu aliyemsamehe mwanamke ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwibia. Naandika hii na mimi najionea haya kwa niaba yake.

Na kabla hajaipokea ile sahani, simu ikalia.

Simu ya Jelle ilikuwa imeharibika upande wa sikio kwa muda mrefu, na yeye hakuipeleka kwa fundi. Ukimpigia, maneno yako husikika mpaka duka la jirani. Aliyepiga alikuwa Salah, yule mfanyabiashara wa kambi ya Dagahaley, anayechukua mitungi ishirini kila wiki kwenda kuwauzia wakimbizi wenye vibanda vya chai.

"Jelle! Huku kuna balaa!"

"Nitakupigia baadaye, Salah."

"Hakuna baadaye! Wamama wamenizunguka hapa. Wanasema serikali imetoa ushuru, wameona kwa simu, mimi nawaibia. Nimewaambia Jelle wa Garissa ameapa kwa talaka bei haijashuka. Wanasema wao hawakusikia. Sasa nimekuweka sauti kubwa. Apa tena, wasikie kwa masikio yao."

Huko mbali zilisikika sauti za wanawake, nyingi, zinashindana.

"Waapie, walaal," Amino alisema kwa upole. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa upande wake sasa, na alitaka dunia nzima iwe upande wake. "Waapie wanyamaze. Kwani ukweli unaogopa nini?"

Jelle alijua. Msiniambie hakujua. Alijua kama ninavyojua mimi na kama mnavyojua ninyi mliolishika gazeti hili, kwamba palikuwa na maneno mawili tu ya kusema, "bei imeshuka," na yote yangekwisha hapo. Amino angemtemea mate labda. Wale wanaume wangesimulia sokoni wiki nzima. Salah angehama aende kwa mwuzaji mwingine. Ingeuma, na ingepita.

Alifungua mdomo aseme hivyo. Akaona uso wa Amino, macho mekundu kwa moshi, yanamwamini.

"Ikiwa hata shilingi moja ya ushuru huo imeingia mfukoni mwangu," Jelle alisema kwenye simu, "Deeqa ameachika."

Dagahaley ikanyamaza. Kisha Salah akasikika akisema kwa mbali, "Haya, mama Ardo, umesikia? Toa pesa."

Amino aliweka sahani juu ya mtungi, akamwombea Jelle baraka katika biashara yake na katika nyumba yake, hasa katika nyumba yake, akaenda. Wale wanaume wanne walimfuata. Jelle aliifuta ile tatu kwenye ubao kwa kiganja. Alifunga duka saa tatu asubuhi, jambo ambalo hajalifanya tangu alipofungua, na ile anjera aliipa mbuzi wa jirani.

Jumanne baada ya swala ya alasiri, hatimaye, alikwenda. Hakwenda kwa ushujaa. Alikwenda kwa sababu Deeqa alimtumia ujumbe wa simu kutoka chumba cha pili: *Saa kumi na moja kwa Sheikh Nuh. Kaka yangu amefika.*

Kaka yake ni Abdijabar, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Masalani, mtu mpana asiyependa maneno. Alikuwa ameketi kwenye mkeka uani kwa Sheikh, na Deeqa nyuma yake kidogo, kajifunika, macho chini. Jelle alisalimia. Abdijabar alimwitikia salamu, kwa sababu ni faradhi, na hakuongeza neno.

Sheikh Nuh ni mzee mwembamba mwenye kikohozi na saa kubwa ya mkononi. Aliivua saa akaiweka pembeni.

"Sema, mwanangu."

Jelle akasema. Sitarudia, mnayajua. Alisema kuhusu depo, kuhusu miezi miwili, kuhusu Jumamosi na wateja saba. Alisema akiutazama mkeka.

"Serikali ilikulazimisha ushushe?" Sheikh aliuliza.

"Hapana, Sheikh. Zakariye ameniambia hakuna sheria hiyo."

"Basi bei ilikuwa yako. Ungeuza elfu tatu, ungeuza elfu nne, hilo ni baina yako na wateja wako, na tungekusihi tu uwahurumie. Na ulimi?"

"Ulimi ulikuwa wangu pia."

"Ulipoapa, ulijua ni uongo?"

Hapa ndipo mtu mwingine angejikunakuna. Angesema nilisahau, nilichanganyikiwa, sikuwa nimesoma karatasi.

"Nilijua, Sheikh."

"Basi talaka imepita."

Deeqa alivuta pumzi, na wote watatu wakamsikia. Siku tatu alikuwa akiishi kama mwanamke aliyeachwa, lakini kulisikia neno lenyewe ni jambo lingine.

"Mliwahi kuachana kabla ya hii?" Sheikh aliuliza.

"Mara moja," Abdijabar alijibu. "Masalani, miaka sita nyuma. Alimwacha kwa hasira. Baada ya wiki mbili akamrejea, mimi nilikuwa shahidi."

"Kwa hiyo hii ni ya pili." Sheikh alinyoosha vidole viwili, akavitazama. "Dada yako yumo edani, muda wake wa kungoja haujaisha. Jelle anaweza kumrejea leo, hapa hapa, kwa neno moja mbele yako. Lakini sikia vizuri, Jelle. Imebaki moja tu. Ile ikitoka, hakuna kumrejea. Huyu atakuwa haramu kwako mpaka aolewe na mume mwingine, ndoa ya kweli, si ya kuigiza, na ndoa hiyo nayo ivunjike. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Unataka kumrejea?"

"Nataka, Sheikh. Wallahi nataka."

"Sheikh, mimi nina neno," Deeqa alisema.

Sauti yake ilikuwa imara. Abdijabar aligeuka kumtazama.

"Najua haki ya kurejea ni yake, si yangu. Lakini namwomba mbele yenu. Aliniacha hadharani, na mimi sitaki kurudishwa kwa siri. Ijumaa baada ya swala asimame. Aseme bei ilishuka tangu Julai, aseme alijua, aseme aliapa uongo. Watu wa soko hili wanalipa mia mbili juu ya jina langu. Kila mwenye duka sasa anawaambia wateja Jelle amemwapia Deeqa. Mimi nimekuwa risiti yao."

Jelle aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alikuwa na jambo la kufanya badala ya jambo la kuficha.

"Nitasimama," alisema. "Nitasema yote. Amino nitamfuata leo leo, kabla ya magharibi. Ile tofauti nitawarudishia wanaojulikana, na wasiojulikana nitaitoa sadaka. Deeqa, nimekudhalilisha. Nilijionea haya mimi, nikakutanguliza wewe. Nisamehe."

Mabega ya Deeqa yalishuka kidogo, na mtu aliyekaa na mwanamke miaka kumi na minne anajua maana ya hilo. Hata Abdijabar alikohoa kikohozi cha mtu anayetaka kulainika na hajui aanzie wapi.

"Alhamdulillahi," alisema Sheikh. "Abdijabar, wewe shahidi. Jelle, sema: nimemrejea mke wangu."

Jelle alifungua mdomo.

"Ngoja," Sheikh aliinua mkono. Aliuliza kwa kawaida tu, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa kabla ya safari. "Kiapo hicho ulikitoa mara hiyo moja tu, siyo?"

Mdomo wa Jelle ulibaki wazi.

Nani angejua? Salah yuko Dagahaley, na kwake kiapo ni kiapo, hahesabu. Amino angesema aliapa, hata ukimwuliza mara kumi. Hapa uani walikuwapo watu watatu, na hakuna aliyekuwa na habari ya ile simu. Neno "moja" ni fupi, na mkewe angerudi nyumbani naye kabla ya swala ya magharibi, akavua hijabu jikoni.

Sheikh alingoja. Kuku wa nyumba ile walipita baina yao wakidonoa mkekani, na Jelle bado hajasema.

Ukimya ulipita kipimo, na Deeqa akauelewa. Anamjua mumewe. Aliinua uso wake, na ule mtandio aliokuwa ameushika kwa siku tatu ukamponyoka mkononi. Akamtazama usoni.

"Sema moja," alimwambia polepole. "Jelle. Sema moja tu."

"Usimfundishe, mwanangu," Sheikh alisema, na sauti yake nayo ilikuwa imebadilika. "Jelle. Mara ngapi?"

Jelle alimtazama mkewe. Machozi yalikuwa yanamtoka Deeqa, na kichwa anakitikisa, usiseme, usiseme.

"Mbili, Sheikh," Jelle alisema. "Ya pili ilikuwa jana."

Sheikh alinyoosha kidole cha tatu. Abdijabar alisimama kabla ya mtu mwingine yeyote, akaja kati ya Jelle na Deeqa, akamwambia dada yake avae viatu.